Swali la Watoto wa Chuo

Nambis, Jumapili, 21 Julai 2024
Asubuhi ukungu mpaka mlangoni, manyunyu, baridi ya kuumiza vidole.

Mwanangu Fabiola,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Sisi tupo. Mahindi ya bondeni tumeshavuna, ya juu bado yana unyevu. Mama yako alipiga simu kutoka Babati siku ya Alhamisi, anasema mguu unamwachia kidogo. Kaka yako Evarist bado yuko machimboni Mererani na anasalimia kila mtu isipokuwa mimi, kwa sababu nilimwuliza anarudi lini.

Tangu wewe na wenzako wa chuo muondoke na gari lenu, watu hapa hawana habari nyingine. Jirani yangu Efrazia anawaigiza mpaka watu wanashika mbavu: mwenzako Belinda alivyovaa glavu, barakoa na koti jeupe ili kumshika mbuzi mmoja, na mbuzi akamkimbia na kamba yake. "Huyo akikutana na dume la ng'ombe itakuwaje?" anasema. Mwambie Belinda asikasirike. Hapa ukiigizwa umeshakubalika.

Mbuzi mwingine ametupa mimba juzi, yule mweupe mwenye pembe moja. Oliva ndiye aliyemsafisha na kwenda kufukia, kama kawaida yake. Mkwe wangu huyu ana mkono mwepesi na wanyama. Ulisema nikuarifu wakitupa, ndiyo nakuarifu. Mlichukua damu na maziwa yao. Majibu yanakuja lini?

Oliva mwenyewe hajambo. Mimba imeingia mwezi wa nne. Ana homa ya jioni, inakuja na kuondoka, na kiuno kinamuuma, na akiamka shuka limelowa jasho. Zahanati walipima malaria hawakuiona. Ni uchovu. Nampa maziwa ya mbuzi yakiwa bado na joto la kiwele, ndiyo yenye nguvu.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu yangu haisikiki bila spika, na ikiwekwa spika inasikilizwa na ukoo mzima. Tarehe na hali ya hewa uzizoee, ndivyo ninavyoanza kwenye daftari langu kila siku, na kwa saa ya kulala ndivyo ninavyofunga, mkono umeshakariri. Barua atabeba Marko, konda wa basi la Katesh. Ni mwaminifu, akikumbuka.

Nalala saa nne na nusu.

Mama yako mkubwa,
Marieta


Katesh, 2 Agosti 2024

Mama Mkubwa, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa na kiganja cha grisi cha Marko, lakini imefika. Hapa upepo unashuka mlimani mchana kutwa na vumbi linaingia hata kwenye friji ya sampuli. Tuko wanafunzi wanne katika nyumba ya kupanga, na sebule ndiyo maabara. Belinda alicheka habari za Efrazia, kisha akaenda kulifua koti lake upya. Mama nilizungumza naye jana, kweli sauti yake ina nguvu.

Kazi yetu ni hii: unaweka tone la majimaji ya damu ya mbuzi kwenye kigae cheupe, unaongeza tone la dawa yenye rangi ya waridi, unachanganya kwa kijiti na kutikisa polepole. Tone likibaki laini, mbuzi ni salama. Likijikusanya chembechembe kama maziwa yaliyokatika, si salama. Nafanya hivyo kutwa mpaka naona waridi hata kwenye sahani ya ugali.

Kuhusu majibu yako, Mama Mkubwa, siwezi. Daktari Nikolausi Sulle, msimamizi wetu, alitusainisha wote kwamba mwanafunzi hatampa mtu majibu. Afisa mifugo atazipelekea kaya zote mwezi wa kumi, yakishahakikiwa katika maabara kubwa. Nilimwuliza, hata nyumbani kwetu? Akasema, "Hasa nyumbani kwenu."

Ila nakuomba. Maziwa yachemshwe mpaka yafure, hasa anayokunywa wifi Oliva. Na mbuzi akitupa tena, wifi asimguse kabisa. Afanye mtu mwingine, avae zile glavu nilizokuachia. Usiniulize kwa nini.

Na jambo moja la kifamilia. Kaka Evarist na wifi wako pamoja mwaka wa tatu sasa. Hii kweli ni mimba yake ya kwanza? Tulipopita na dodoso ulijibu hapana kwa kila kitu.

Mtoto wako,
Fabiola


Nambis, Jumanne, 13 Agosti 2024
Asubuhi kavu, baridi, anga safi. Moshi wa majirani ulipanda wima.

Mwanangu,

Marahaba. Tumemaliza kuvuna. Padri amehamishwa parokia, tumemuaga kwa jogoo na nyimbo ndefu. Mjomba wako Cornel amepata mjukuu wa kike.

Maziwa yangu umeyanywa tangu huna meno, na leo unaniandikia yafure. Nimeyachemsha. Oliva akasema yananuka moshi, akayasukuma. Sasa anakunywa kama zamani, maana mwenye mimba akikataa chakula utamlazimisha kwa lipi? Kama una sababu, sema sababu. Ukiniambia "usiniulize kwa nini" unanifanya mimi ndiye mtoto.

Na habari ya mimba za nyumba hii ulishaniuliza katika ua wangu mwenyewe, mbele ya wenzako, na yule kijana Rogers ameshika kalamu. Nikajibu hapana. Jibu halijabadilika. Oliva alikuwa pale anachambua maharage. Ulimwona alivyoinama? Usilirudie.

Jana Efrazia alikuja kuomba chumvi. Akasema, "Mama Evarist, mbona watoto wa chuo kwako walirudi mara ya pili, na kwangu walipita tu?"

Nikamwambia kwangu kuna mtoto wa nyumbani, alirudi kunywa chai.

"Chai gani hiyo ya kuchoma mbuzi sindano?"

Akacheka peke yake. Unajua nyumba ikianza kusemwa hapa inavyokuwa.

Oliva hajambo. Homa ipo.

Nalala saa tano, na usingizi hauko karibu.

Marieta


Katesh, 25 Agosti 2024

Mama Mkubwa, shikamoo.

Hongera kwa mavuno, na mpe hongera mjomba Cornel. Mimi ni mzima, ila nalala vibaya.

Jana jioni Belinda alinigeuzia kompyuta. "Fabi, njoo uone muujiza. Kata nzima mbuzi wanatupa mimba, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyejibu ndiyo kwenye swali la mimba. Wanawake wa kwenu wameumbwa kwa chuma?"

Rogers akasema ni ugali wa mtama. Wakacheka. Nikawaambia waache.

Belinda ni wa Bukoba, ikabidi nimweleze mwiko wetu wa metimani. Nikamwambia zamani nyumba iliyofikwa na vifo vya aina fulani, hata cha mtoto, ilitengwa. Watu wake hawachoti maji na wengine, hawaombi moto kwa jirani, hawali chungu kimoja na mtu, mpaka miezi ipite. Nikamwambia ilishakatazwa, kanisani hakuna anayeitaja, lakini mwanamke aliyepoteza mimba bado anaona majirani wanavyosogeza ndoo zao. "Kwa hiyo walidanganya," akasema Belinda. Nikasema ndiyo, walidanganya kwa hofu.

Unisamehe. Nadhani na wewe ulinidanganya.

Nilisaini kutotaja majibu ya kaya. Sikusaini kukuficha ugonjwa wenyewe, kwa hiyo sikiliza. Unaitwa brusela. Mbuzi akiwa nao anatupa mimba. Unamwingia mtu kwa maziwa mabichi, au kwa mikono mitupu inayoshika kondo na damu ya mbuzi aliyetupa. Mtu anapata homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo na kiuno. Ukipimwa kama malaria hauonekani. Na mwanamke mwenye mimba unaweza kumwangushia mimba yake. Sijasema mbuzi wako wanao. Nimesema ugonjwa ulivyo. Soma tena barua yako ya Julai, kisha utazame Oliva.

Nampa Marko sasa hivi. Nimemwambia ni ya haraka. Amesema, "Zote mnaniambia hivyo."

Fabiola


Katesh, 8 Septemba 2024

Mama Mkubwa, shikamoo.

Wiki mbili, na sijapata neno. Marko haonekani stendi, basi lake nalo halionekani. Jana nilipiga simu yako, ikapokelewa na Efrazia, akasema umeiacha kwake ichajiwe. Akaniuliza, "Kuna nini, mbona sauti imekauka?" Nikasema nasalimia tu. Nisingeweza kusema lolote kwake, na yeye akajua kuna la kusema.

Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa barua. Niandikie hata mstari mmoja: Oliva yukoje?

Natuma hii kwa basi jingine.

Fabiola


Nambis, Jumamosi, 14 Septemba 2024
Asubuhi upepo, mawingu mengi yasiyo na mvua.

Fabiola,

Marahaba. Salamu za leo ni fupi: tuko hai.

Barua zako mbili nimezipata pamoja leo hii. Ile ya Agosti ilikuwa chini ya kiti, na kiti kiko ndani ya basi, na basi liko gereji Dongobesh tangu siku uliyoituma. Marko ameniapia kwa mama yake.

Umeniita mwongo. Rudi usome swali lenu. Mimi nalikumbuka: "Je, katika kaya hii kuna mwanamke aliyetoa mimba?" Aliyetoa, Fabiola. Kwa mbuzi mlisema vizuri, mkasema ametupa. Kwa binadamu mkasema ametoa. Anayetoa anakwenda kwa mtu kuitoa, ni dhambi, na akikamatwa ni jela. Uliniuliza mimi, mama yako mkubwa, mbele ya kijana mwenye kalamu, kama mkwe wangu ameua. Nikajibu hapana. Nyumba zote zikajibu hapana. Hakuna aliyewadanganya.

Mngeuliza kama kuna aliyeharibikiwa, sijui ningejibu nini. Leo najibu. Ziliharibika mbili. Moja Novemba ya mwaka juzi, nyingine wiki ya Pasaka ya mwaka jana. Ya pili ilikuwa na sura. Tulizika mimi na yeye tu, nyuma ya zizi, na siku chache baadaye Oliva akabeba ndoo akaenda kisimani na wenzake, anatembea wima, ili asiwepo wa kuuliza. Evarist nilimwambia nusu.

Sasa sikia. Tangu Alhamisi tumbo la chini linamkata, na leo asubuhi nimeona damu kwenye khanga yake. Si nyingi. Nimemwambia twende hospitali, anakataa. Anasema watamwuliza ni mimba ya ngapi. Zahanati muuguzi ni Frida, binti wa Efrazia, kwa hiyo Oliva hataki hata kupita mlango ule. Ameniambia, "Mama, mwili wangu ndivyo ulivyo. Acha itoke kimya kimya kama zile."

Siwezi kumbeba mgongoni. Nataka sababu ya kumpa, na sababu unayo wewe. Niambie kwa neno moja: mbuzi wangu wanao, au hawana?

Usipige. Simu iko kitandani kwake na hajui kama nimekuandikia. Marko amepewa basi jingine, liko barabarani linanguruma, nimesimama mlangoni mwake na abiria wananitukana. Atafika kwako kabla ya jua kuzama.

Saa ya kulala sitaiandika leo.

Marieta


Katesh, 14 Septemba 2024, jioni

Wanao.

Shikamoo, Mama Mkubwa. Nimeanza na jibu ili ulione kwanza. Na yule mweupe ndiye zaidi: tone lake lilijikusanya kabla sijamaliza kutikisa kigae. Nilikuwa nalijua nilipokuandikia usiniulize kwa nini.

Mpeleke hospitali ya Haydom, moja kwa moja. Waambie ana mimba, ana homa ya kuja na kuondoka, amekunywa maziwa mabichi na ameshika mbuzi wenye brusela wakitupa. Waambie na zile mbili, wasikie zote, kwa sababu zinawaonyesha wapime nini. Dawa ipo, na ipo inayofaa mwenye mimba. Kama tumechelewa sijui. Hilo sitakudanganya.

Kuhusu neno, ni letu. Mwaka mzima tumesoma kwa Kiingereza, na Kiingereza kina neno moja kwa mbuzi na kwa mtu, kwa iliyotoka yenyewe na kwa iliyotolewa. Tulikuwa bwenini tunatafsiri dodoso. Belinda akauliza, "Hapa tuseme kutoa mimba?" Mimi ndiye wa huku, mimi ndiye niliyesema sawa, andika. Leo nimemsomea kipande hicho tu cha barua yako, cha Oliva nimekikunja. Aliketi sakafuni. "Nimewauliza mama zako wote hivyo," akasema, "na walinipa chai."

Daktari Sulle nimemwarifu kwamba nakuandikia majibu. Sikuomba ruhusa. Akasema, "Binti, unajua nitakachotakiwa kufanya." Nikasema najua. Akatazama saa. "Basi maliza. Konda hatakungoja."

Marko analala hapa Katesh leo na anaondoka alfajiri. Nimekaa naye mpaka ameiweka mfuko wa shati.

Fabiola


Haydom, Jumapili, 22 Septemba 2024
Asubuhi jua kali mapema, upepo wa vumbi, kengele za kanisa.

Mwanangu Fabiola,

Marahaba. Mama yako amenipigia, anasema wameshakutoa kwenye meza ya vipimo na sasa unaosha vigae vya wenzako. Osha vizuri. Evarist amesikia habari yote, siyo nusu, na amepanda gari.

Barua yako niliipata Jumapili iliyopita kabla ya ibada. Sikwenda. Niliketi kando ya kitanda nikamsomea Oliva habari ya mbuzi. Aliniacha nimalize.

"Soma tena hapo kwa yule mweupe."

Nikasoma.

"Kwa hiyo ni mbuzi?"

"Ni mbuzi."

"Siyo mimi?"

Nikamwambia siyo wewe. Akageukia ukutani akalia kwa sauti. Zile mbili alizililia huku ameuma khanga. Kisha akaketi akatafuta viatu, lakini siku hiyo gari la Haydom lilikuwa limeshapita.

Jumatatu asubuhi kituoni walikuwepo watu wa gulio, na Efrazia na kikapu chake. Akapaza sauti toka mbali, unamjua: "Mama Evarist! Mnakwenda wapi na mto wa kulalia?"

Nilikuwa na uongo tayari, kwamba tunakwenda kumtazama mgonjwa. Nikamtazama Oliva ameshika tumbo. Nikasema, "Haydom. Mkwe wangu ameharibikiwa mimba mbili, na hii sitaki iharibike. Ni maziwa na ni mbuzi. Na wako wapimwe."

Tulipopanda, mama mmoja aliyekuwa kiti cha pembeni ya Oliva alinyanyuka akaenda nyuma. Kiti kikabaki wazi. Nilikuwa nimebanwa mbele na mizigo, sikuweza kumfikia. Ndipo Efrazia akasukuma watu na kikapu chake, akajitupa pale. "Sogea, nyonga yangu hii," akamwambia Oliva. Akauchukua ule mto akaupakata mwenyewe. Hatujafika hata kilima cha kwanza, nikamsikia anamwambia, kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona, "Frida wangu zimetoka tatu. Anawachoma wenzake sindano kutwa, yake hakumwambia mtu." Basi zima lilisikia. Alipaswa kushuka Maretadu gulioni. Hakushuka.

Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza mapokezi mimi mwenyewe. Muuguzi alifungua kadi, hakuinua hata kichwa. "Mimba ya ngapi, mama?" Nikafungua mdomo, na ulimi kwa mazoea ulikuwa unakwenda kwenye ya kwanza. Oliva akanitangulia.

"Ya tatu."

Muuguzi akaandika, akauliza swali lililofuata.

Walipima, wameukuta. Dawa ameanza Jumanne, ni za wiki nyingi. Damu ilikoma Jumatano, ikarudi Ijumaa, nikadhani ndiyo basi. Ikakoma tena jana. Daktari hasemi itakuwaje, na mimi simwulizi mara mbili kwa siku. Efrazia alirudi Nambis siku ya pili. Nasikia anapita nyumba kwa nyumba anawaamuru watu wachemshe maziwa, na anamwigiza mbuzi mwenye homa.

Sasa ni saa sita na robo usiku. Wameniruhusu nikae kando yake. Muuguzi wa zamu amekuja kumwekea kile kipimo cha kusikilizia tumboni. Amekihamisha huku, amekihamisha kule, Oliva amenishika mkono mpaka pete imeniumiza. Kisha muuguzi ameacha kukihamisha, na amempa Oliva asikilize mwenyewe.

Moyo upo. Unakimbia.

Nalala saa sita na nusu.

Mama yako mkubwa,
Marieta